Kidole cha Kushoto

Ulikuwa mwaka wa Mbwa, kwa kalenda yetu ya wanyama. Hapana, nijisahihishe mapema kabla sijafika mbali. Mwaka wa Mbwa ndio ule wa mvua ya mawe, mtama ukalala chini na watu wakatafuna magome ya misonobari. Haya yalitokea mwaka uliofuata, wa Nguruwe, mwezi wa tatu, wakati kila nyumba inatafuta mtungi wa kuwekea mchuzi wa soya. Mitungi ndiyo inayonipa hakika.

Pyo Deokbo alikuwa na miaka ishirini na mmoja, jina lake la ubatizo Matia, kazi yake ufinyanzi. Baba yake hakuzaliwa mfinyanzi. Alikuwa mkulima wa tumbaku kule chini, na alipoipokea imani ya Kikatoliki, iliyopigwa marufuku na serikali, akapanda mlimani akajifunza kukanda udongo uzeeni, kwa sababu mfinyanzi ana ruhusa ya kuishi mbali na watu. Anataka kuni, anataka udongo, na moshi wake hakuna anayeutamani uani kwake. Nyumba saba za Jeomgol, kijiji chao cha wafinyanzi, zilijificha hivyo nyuma ya moshi wao wenyewe. Na mfinyanzi akishuka na mitungi mgongoni anapita kijiji chochote, hakuna anayemwuliza anakwenda wapi. Anakwenda kuuza mitungi, basi.

Aliishi na dada yake Okdan, aliyebatizwa Agata. Alimpita kwa miaka tisa, mjane, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Okdan alikuwa na ugonjwa mmoja, ndivyo Deokbo alivyouita: hakuweza kusema uongo. Mteja akigonga mtungi na kuuliza kama ni mzima, Okdan atamwambia, "Huu unavuja kidogo hapa kitakoni, chukua ule." Deokbo alilalamika siku moja kwamba dada atawaua kwa njaa. Okdan akajibu huku akifuta udongo mikononi, "Bora tulale njaa sisi kuliko mchuzi wa watu umwagike wakituamini."

Deokbo hakuwa hivyo. Ulimi wake ulikuwa kama kambare, ukiushika unateleza. Mtu akimwuliza mnaabudu nini kule juu, alijibu, "Tunaabudu kuni kavu," watu wakacheka, yakaisha. Alijua wazi kwamba ulimi ule ulikuwa ukiilinda Jeomgol. Alijua pia kwamba chini yake kulikuwa na woga tu. Tangu utotoni aliogopa. Mbwa akibweka chini bondeni, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, ambayo wenye imani ile hawali nyama. Walikuwa wameuza mitungi minne sokoni, na mwenye mkahawa, kwa furaha ya mtungi wake mpya, akawawekea mabakuli mawili ya supu ya nyama ya ng'ombe na wali ndani yake. Pembeni yao alikaa mwanamume mmoja akichokonoa meno. Deokbo alikiona kitu kabla ya kumwona mtu: ncha ya kamba nyekundu ikichungulia kwenye mkono wa koti lake. Kamba ya namna ile hawabebi wachuuzi. Wanabeba askari wa kukamata watu.

Deokbo akavuta bakuli, akala. Alikula haraka, kwa sauti, kama mtu asiye na siku yoyote iliyokatazwa maishani mwake. Okdan aliweka kijiko chini.

"Supu inapoa, dada," yule mtu alisema. "Nyama yenyewe tunaiona mara ngapi kwa mwaka?"

"Leo sili nyama," Okdan alisema.

"Leo? Kwani leo ni siku gani?"

Okdan hakujibu. Kunyamaza aliweza, kudanganya ndiko kulikomshinda. Yule mtu akainama akatazama bakuli la Deokbo, lililobaki mfupa mtupu. Akatabasamu. "Huyu anakula. Huyu mwacheni amalize," akasema, na kamba ikatoka yote, wenzake wakaingia.

Walimfunga Okdan mikono, naye hakugeuka kumtazama mdogo wake hata kidogo. Baadaye Deokbo alielewa kwamba hakugeuka ili wasijue ni ndugu. Lakini dakika ile alidhani ni kwa sababu ya supu. Alikuwa bado anatafuna.

Jeomgol ilitetemeka. Siku zile nyumba tano tano zilidhaminiana kwa sheria, na ikigunduliwa moja zinaadhibiwa tano. Katekista wao, mzee Cho Timoteo, aliamuru vitabu na rozari vitiwe ndani ya mitungi na kufukiwa, na mtu yeyote asishuke. Familia mbili ziliondoka siku hiyohiyo, udongo wao bado umelowa. Deokbo alisema dada yake atakufa. Mzee Cho akamwambia polepole kwamba huenda, lakini yeye akishuka wataulizwa wote. Deokbo aliitikia kwa kichwa. Habari ya supu hakumwambia mtu.

Siku tatu alikaa. Habari zilipanda na mchoma mkaa: mwanamke wa mitungi anapigwa kwenye miguu, na kila akipigwa anaulizwa aseme neno moja, "Nimeacha," yaani imani, aende zake. Hasemi. Mkuu wa wilaya amechoka naye. Siku ya nne Deokbo alifungua kikapu cha juu darini akatoa nguo za msiba.

Zilikuwa za matanga ya baba. Miaka ya maombolezo ilikuwa imekwisha msimu wa mavuno, na kofia ilipaswa kuchomwa, ila Okdan aliihurumia kwa kuwa ilifumwa vizuri. Panya walipoitafuna mbele, aliitia kiraka cha matete. Ni kofia ile kubwa inayofika mabegani, na mbele ya uso mfiwa anashika kitambaa chenye vijiti viwili. Mfiwa haulizwi jina. Hatazamwi. Ni kama mtu mwenye deni na mbingu kwa kuwaacha wazazi wafe, na mwenye adabu humpisha njia. Lakini kuvaa msiba wakati hakuna aliyekufa ni kukiita kifo chenyewe. Deokbo alijua. Alifunga kamba za kofia chini ya kidevu mara tatu, kwa sababu vidole vilikataa.

Kwenye kivuko askari walikuwa wakipekua kila mtu, hata bibi mwenye kikapu cha mayai. Mmoja akasema, "Mpisheni mfiwa," wakampisha. Aliwapita akiona viatu vyao tu. 

Nyuma ya ofisi ya wilaya alikuwepo karani aliyeitwa Bang, mtu mwenye tumbo na maneno mengi, aliyekuwa akinunua mitungi yao zamani. Deokbo alimwekea kando chupa ya udongo iliyojaa asali na kuinama. Karani alinusa asali kwanza.

"Sikuulizi wewe nani," alisema. "Mfiwa haulizwi, na mimi ni mtu wa adabu, hata kama nyumbani wananikatalia. Umekuja kwa ajili ya yule wa mitungi?"

Kofia iliinama.

"Kichwa chake kigumu kuliko bidhaa yake. Sikiliza. Mkuu anaumwa tumbo, hataki maiti za wanawake. Mkoani wanataka hesabu ya walioacha. Karatasi ninayo, jina lake nimeshaandika. Inataka kidole tu. Yeye anakunja ngumi. Lakini kidole ni kidole, au siyo?"

Deokbo alielewa. Alielewa vizuri sana, na hapo ndipo woga ulipobadilika sura. Mpaka dakika ile aliogopa kwamba watamuua dada. Sasa aliogopa kwamba anaweza kumwokoa.

"Usinitolee macho chini ya hilo jamvi," Bang alisema, ingawa hakuwa akiona macho yoyote. "Nina kazi nyingine. Weka."

Deokbo akatoa mkono kwenye upana wa nguo ya katani, akaulaza kwenye karatasi. Sisi tusiojua kuandika ndivyo tunavyotia sahihi: karani anapiga wino kwenye ncha ya kidole cha kati na kwenye viungo vyake, ili urefu wa kidole ubaki kuwa ushahidi wako. Bang alipiga alama akiwa anaichungulia asali, akaandika neno moja pembeni, akapuliza wino. Kesho yake Okdan alitolewa.

Mchoma mkaa alimbeba mgongoni hadi juu, maana miguu yake haikukanyaga. Nyumba tano zilizobaki zilimpokea kama mtu aliyerudi kutoka chini ya maji. Mzee Cho alilia. Alimwuliza kama kuna neno lolote alilosema, akajibu hapana, na hakuna aliyetilia shaka, kwa ule ugonjwa wake. Okdan alimwambia kwamba mlinzi wa gereza alifungua mlango akasema amri imetoka.

Kwa Deokbo, Okdan aliuliza mara moja tu, siku ya pili, akimkorogea uji wa shayiri.

"Nimetolewaje, Deokbo?"

"Mkuu anaumwa tumbo," Deokbo alisema. Hilo lilikuwa kweli.

Okdan alikoroga kidogo. "Kidole chako kina wino."

"Masizi ya tanuri."

Dada aliutazama mkono ule, kisha akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama anavyotazama mtungi kabla ya kuugonga. Halafu akamwekea uji. Hakuuliza tena.

Siku ya nne Okdan alikuwa amekaa kibarazani akishona, na ili kupitisha uzi akalamba kidole cha kati cha mkono wa kulia. Deokbo alikuwa na udongo mkononi. Udongo ukaanguka. Mwanamke anatoa kidole cha kulia. Mwanamume anatoa cha kushoto. Kila mtoto anajua, ndivyo hati za mashamba zinavyotiwa sahihi tangu babu zetu. Na yeye pale ofisini, kwa mazoea ya kuwa mwanamume, alitoa kushoto. Na Bang, kwa mazoea ya wanaume wanaokuja kwake kila siku, aliandika pembeni neno lake. Kushoto. Kwenye karatasi ya mwanamke.

Tangu hapo hakulala sawasawa. Alihesabu nani atakayeisoma karatasi ile. Labda hakuna. Labda imeshawekwa chini ya nyingine mia. Lakini ikisomwa na mtu mwenye macho, watakuja. Alimwambia dada wahame, wavuke mlima kwenda mkoa mwingine. Okdan aliuliza kwa nini wahame naye ameachiliwa, tena kwa miguu ipi. Na Deokbo hakuweza kumwambia. Alimjua. Akimwambia tu, Okdan atasimama kwenye miguu ile mibovu ashuke mwenyewe hadi ofisini kuifuta karatasi. Akinyamaza, labda watakuja. Akisema, hakika atakwenda. Alichagua labda.

Usiku alisikiliza mbwa. Mchana alifinyanga mitungi minene kupita kiasi, mizito, mpaka mzee Cho akamtania kwamba anamfinyangia tembo mtungi wa mchuzi. Hakucheka. Okdan alikuwa ameanza kusimama akishika ukuta. Siku ya kumi alitembea hadi kisimani. Deokbo alianza kuthubutu kuwaza juu ya mwaka ujao.

Siku ya kumi na moja alikuwa ndani ya tanuri akipanga mitungi. Tanuri letu ni refu kama nyoka aliyelala mteremkoni, unaingia kwa magoti na kwenda mbele gizani. Alisikia sauti za wanaume nje. Hakutoka. Alilala kifudifudi kati ya mitungi mibichi, akauma mkono wa nguo yake, na pumzi yake ikamrudia usoni yenye harufu ya majivu. Alimsikia mmoja akisema, "Dada, kuna kosa dogo kwenye karatasi yako. Twende ukalisahihishe." Alimsikia Okdan akiuliza karatasi gani.  Kisha, kwa sauti ya juu kidogo, kama anayezungumza na mtu wa mbali, Okdan alisema, "Haya. Twendeni, kabla mitungi haijapasuka." Viatu viliondoka.

Hakuna mtungi uliokuwa unapasuka. Hawakuwa wamewasha moto. Deokbo aliwaza juu ya maneno yale miaka mingi.

Alipotoka, alivaa tena kofia akafuata. Kesho yake alisimama kwenye lango la ua wa wilaya, kati ya watu waliokuja kutazama. Walimpisha mbele, kwa heshima ya msiba. Hatua kumi tu kutoka kwa dada yake. Mkaguzi kutoka mkoani alikuwa ameketi juu, mtu mkavu, mpole wa sauti. Karani Bang alipiga magoti chini, tumbo lake limelala kwenye vumbi.

Mkaguzi alinyoosha karatasi. "Mama, hiki ni kidole chako?"

Walimlazimisha kulaza mkono, wakapima. Kidole chake kilikuwa kifupi kuliko alama kwa kiungo kizima.

"Si changu," Okdan alisema.

"Nami naona. Wewe ni mwanamke, hiki ni cha kushoto. Mtu alikuja hapa akawekea kidole jina lako. Aliyefanya hivyo kwenye karatasi ya serikali atapigwa mpaka afe, hilo ni jambo lake. Jambo lako ni jepesi. Weka chako sasa hapa pembeni, nami nitachana hii ya kwanza. Utafika nyumbani kabla ya chakula cha jioni."

Okdan alificha mkono wake wa kulia kwenye mikunjo ya sketi.

"Hutaki."

"Sikuacha. Siwezi kuweka kidole kwamba niliacha."

"Basi angalau nisaidie," mkaguzi alisema, kama anayeomba maji ya kunywa. "Kidole hiki ni cha nani?"

Wakati huo Okdan aliinua macho. Aliyapitisha juu ya watu wa langoni, na yakafika kwenye kofia yenye kiraka cha matete, kile alichokishona kwa mkono wake. Yalisimama hapo. Deokbo nyuma ya kitambaa aliona sketi tu na vidole vya miguu vilivyovimba, lakini alijua yalisimama. Neno lilikuwa limemjaa mdomoni. Neno dogo, "Changu." Aliomba kwa Mungu, kwa nguvu zake zote, aombe nini hata yeye hakujua, ila aliomba.

"Sijui," Okdan alisema.

 Mkaguzi akaikunja karatasi.

Walimnyonga kwa kamba gerezani siku ya pili yake. Bang alichapwa na kufukuzwa, akaishia kuuza nguruwe. Mwili aliuchukua Deokbo, bila kuulizwa yeye nani, na akauzika juu ya tanuri. Kwa dada haivaliwi kofia ya msiba, ni kwa wazazi tu. Yeye aliivaa miaka mitatu. Wasiomjua walidhani ni mwana mwema sana.

Baada ya hapo hakutulia mahali. Jeomgol ilitawanyika, naye akawa mtu wa mitungi mgongoni, kutoka mkoa hadi mkoa, karibu miaka hamsini. Hakuoa. Mteja akigonga mtungi, alimwambia kama unavuja. Na siku za Ijumaa, hata njiani, hata kwa wageni, hakugusa nyama, huku akichunguza mikono ya makoti ya waliokaa jirani.

Sheria ilipolegea na wenzetu wakaanza kusali wazi, padre mmoja kijana alizunguka na mwandishi wake akikusanya habari za waliouawa, ili majina yapelekwe Roma. Alimpata Deokbo kwenye tanuri moja kusini, mzee wa miaka sitini na minane, mgongo umepinda kwa mitungi. Swali la padre lilikuwa moja kwa wote: huyu ndugu yenu aliwahi kusema neno la kukana, hata mara moja?

Deokbo angeweza kusema hapana akanywa chai yake. Hilo lingekuwa kweli. Lakini alijua kwamba mahali fulani katika masanduku ya serikali huenda karatasi ile bado ipo, na kama ingeonekana baada yake, wangemwondoa dada kwenye orodha na pasingekuwa na wa kumtetea. Na kama angesema, wangejua yeye ni nani.  Akasema yote: supu, asali, kidole, tanuri, kiraka. Mwandishi aliandika mpaka wino ukaisha, akasaga mwingine. Padre alishika kidole kile cha kati, akakitazama, akakirudisha taratibu magotini kwa mzee.

Alimwambia kwamba Agata hana doa. Alimwambia kwamba na yeye Mungu amemsamehe zamani. Deokbo alishukuru. Kisha akauliza kitu chake kimoja, mwandishi akaweka kalamu chini na padre akatazama nje kwenye mitungi. Alisema atamwuliza askofu. Jibu halikurudi. Deokbo alimwuliza padre aliyefuata, na wa baada yake, na makatekista, na wafinyanzi wenzake kwenye moto, mpaka siku zake zikaisha, na wote waliongelea hali ya hewa. Alichouliza ni hiki: dada yangu alikufa kwa sababu hakukubali kusema uongo mmoja ili aishi, sasa lile "sijui" alilolisema ili niishi mimi, huko juu wameliandika upande gani?